Wi-Fi ya Jirani Isiyo na Kufuli



Kuna swali limenifikia mara kadhaa kutoka kwa vijana wetu, hasa wale walionunuliwa laptopu wakienda chuo. Ukiiwasha na kubonyeza ile alama ya Wi-Fi, unaletewa orodha ya majina ya mitandao iliyo karibu. Mengi yana kufuli. Moja halina. Je, kuingia hapo ni wizi?

Wanaotetea wana hoja, na mimi niliyesomea biashara siwezi kuipuuza. Jirani analipa pesa zile zile kila mwezi, awe peke yake au muwe watano. Mawimbi yenyewe yamepita ukutani bila kubisha hodi. Saa nane usiku yeye amelala, wewe unapakua notisi za darasani. Amepoteza nini? Wengine hata wanakuja na Maandiko: Kumbukumbu la Torati 23 inamruhusu mtu kula zabibu za shamba la mwenzake mpaka ashibe. (Ni kweli, lakini pale pale anakatazwa kuzitia chomboni aende nazo, na sijawahi kuona mwanafunzi aliyeshiba video.)

Hesabu hiyo imeacha kitu. Kwa kawaida ruta ya nyumbani huonekana huko nje kwa anwani moja. Simu ya mama, laptopu ya mtoto wake, na wewe uliyejipenyeza, wote mnatokea mlango huo mmoja. Ukimlaghai mtu mtandaoni, atakayetafutwa kwanza ni yule aliyeandikwa kwa mkataba wa kampuni ya intaneti. Kwa hivyo umetumia bando lake, sawa, lakini pia umetembea mjini na jina lake bila yeye kujua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haina bei ya mwezi.

Sheria yetu ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inasema kuingia katika mfumo bila idhini kunaweza kukuletea faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mawakili wabishane kama mlango uliosahauliwa wazi ni idhini. Mimi nauliza hivi: mkikutana asubuhi kwa ngazi, unaweza kumwambia? Kama unaweza, mwambie leo. Kama huwezi, dhamiri yako imeshajibu.

Na si yeye tu aliye hatarini. Mtandao usio na kufuli mara nyingi hausimbi kinachopita hewani, na mtu yeyote anaweza kuupa wake jina analotaka, hata jina la kanisa hili. Tovuti nyingi siku hizi zina ulinzi wao, lakini ukurasa wa uongo ukikuomba PIN ya M-Pesa ndipo uruhusiwe kuingia, funga laptopu uende ukalale.

Sasa upande wa mwenye ruta. Mama mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Pasta, nikiweka neno la siri, si nitakuwa nimewanyima watoto wa ploti?" Swali hilo lilinigusa, maana Walawi 19 inamwambia mwenye shamba awaachie maskini pembe zake. Lakini Torati hiyo hiyo inamwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta kandokando ya paa lake, mtu asije akaanguka. Shamba lenye pembe wazi bado lina mwenyewe.

Nilimwambia aanzie chini ya ruta, penye karatasi yenye anwani ya kuingilia. Kuna maneno mawili ya siri ya kubadilisha: la Wi-Fi, na la ruta yenyewe, ambalo mafundi wengi huliacha "admin" tu. Mahali pa kuchagua ulinzi, achukue WPA2 au WPA3. Ile ya zamani inayoitwa WEP ilivunjwa tangu 2001. Kitufe cha WPS azime. Kisha, ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Watoto wakiutumia huo hawafikii vifaa vyake vya ndani. Bado wanatoka nje kwa anwani yake, kwa hivyo awape wale anaowajua.

Ninyi wenye laptopu, mkitoka kwa mkahawa iambieni isahau mtandao ule. Laptopu hutambua mtandao kwa jina, na inaweza kujiunga yenyewe na mwingine wa wazi unaoitwa vivyo hivyo.

Yule mama ameandika neno la siri la wageni kwa karatasi, analo jikoni. Mtoto akibisha hodi anaulizwa jina lake, anaulizwa yuko nyumba gani, halafu anasomewa.