Kodi: Kwa Nasaba au kwa Uwezo?

 

Katika darsa yetu hapa Garissa tumeulizwa suali ambalo twaona jawabu lake lawafaa pia ndugu zetu wa Lamu, Malindi na Mombasa: Je, ni haki tajiri atozwe zaidi kuliko maskini? Na ikiwa ni haki, mbona wazee wetu walitozwa kwa kabila zao, si kwa mali zao? Tutaanza na hili la pili, kwani lina mafunzo.

Mwaka 1936 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa sheria ya kodi ya kichwa kwa wale iliowahesabu kuwa si wenyeji. Mhindi alitakiwa shilingi 30, na Msomali aliyekubaliwa katika hesabu hiyo shilingi 20. Katika kodi hiyo mtu hakuulizwa ana nini. Aliulizwa ni nani. Karani wa Kihindi mwenye mshahara mdogo na tajiri wa Kihindi mwenye maghala walitoa sawasawa. Ama mchungaji wa huku Garissa, yeye alihesabiwa mwenyeji, katika wilaya iliyofungwa ambayo haikuingiwa wala haikutokwa bila ya idhini.

Likatokea jambo la ajabu. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wengi wao wafanya biashara, walizikataa zile shilingi 20, wakataka watozwe 30! Wakapeleka malalamiko yao mpaka London, wakidai kuwa asili yao ni Asia, na ugomvi huo ukaendelea miaka kadhaa. Si mapenzi ya kodi yaliyowasukuma. Walijua kuwa zile shilingi 10 ni bei ya daraja: atoaye kama Mhindi atatendewa kama Mhindi, na atoaye kama mwenyeji atatendewa kama mwenyeji.

Wala sisi watu wa pwani tusiwacheke. Mombasa nako Waswahili wengi walihangaika wahesabiwe Waarabu ili watoke katika daraja ya wenyeji. Kosa letu na lao ni moja. Kila mmoja alitaka kuipanda ngazi ya dhulma, wala hakutaka iondolewe. Na yule mchungaji, Muislamu mwenzao, akabaki chini ya ngazi hana wa kumsemea.

Sasa tuitazame mizani ya sharia. Mwenye ngamia 4 hadaiwi zaka; wakitimia 5 hutoa mbuzi 1. Mwenye mbuzi 39 hadaiwi. Wakitimia 40 hutoa 1. Mfanya biashara aliyefikia kiwango hutoa sehemu 1 katika 40 kila mwaka. Hapana mahali hapo palipoulizwa kabila la mwenye mali, wala rangi yake, wala babu yake. Bwana Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwamuru zaka itwaliwe kwa matajiri wao na irudishwe kwa mafakiri wao. Na Sayyidna Umar, katika mwaka wa ukame mkubwa, mwaka 18 wa Hijra, aliiakhirisha zaka mpaka watu wakapata mvua. Ndugu zetu waliowaona mifugo wao wakifa kwa ukame wa miaka ya 2020 mpaka 2022 waifahamu vyema insafu hiyo.

Atasema msemaji: “Mimi nimetoa zaka yangu, Serikali haina haki nyingine kwangu.” Twamjibu kuwa wanavyuoni wakubwa, miongoni mwao Imamu Ghazali na Imamu Shatibi, wamejuzisha mtawala mwadilifu kuwatoza matajiri zaidi ya zaka, hazina inapokuwa tupu na haja ya watu ni ya kweli. Lakini wameweka sharti: haja iwepo, mzigo ugawanywe kwa insafu, na mali itumike katika haja hiyo. Kwa hivyo mwenye kuila mali ya umma ni mkosa mbele ya Mungu, na yapasa tumkataze waziwazi. Wala wizi wake haumpi tajiri ruhusa ya kuficha mali yake. Dhambi mbili hazizai haki moja.

Atasema mwingine: “Kutoa ni moyo, si utajiri.” Ni kweli katika sadaka. Ama katika zaka na kodi, utajiri hutangulia, na moyo ufuate upende usipende.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo ni zito kwetu zaidi. Mwaka 2020, Baraza la Seneti lilipojadili namna ya kuzigawia kaunti mali ya Serikali, wako waliotaka vichwa vya watu vizidi kupewa uzito. Viongozi wa Garissa, Wajir na Mandera, na wa pwani pia, wakapinga, wakisema mwenye haja azingatiwe, kwani nchi hizi ziliachwa nyuma muda mrefu. Na Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kutenga nusu ya sehemu moja katika mia ya mapato ya Serikali kwa ajili ya sehemu kama hizi. Hoja yetu ilikuwa ya haki, na twaishikilia.

Lakini aliyeomba agawiwe kwa haja hana uso wa kukataa kutozwa kwa uwezo. Mali hiyo tuliyoiomba ilitoka mifukoni mwa watu. Mwenye malori na majumba ya kupangisha, naye aliinua sauti mwaka ule kuitetea Garissa, kisha akaficha hesabu zake afikapo mtoza kodi, huyo ameidhulumu Garissa ile ile. Afadhali wale wa mwaka 1936, waliotaka japo kulipa!

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuondolee kiburi cha nasaba na ubakhili wa mali. Wallahu aalam.