Kazi Nne za Nafsi

Ukonga huamka na adhana, jogoo, ndege zinazoshuka Uwanja wa Nyerere na makonda wa Gongo la Mboto. Yuko anayejitosa katika kelele hizo akazidi kupata nguvu. Yuko anayetulia kwanza, ajikusanye. Wa kwanza tunamwita mchangamfu, wa pili mpole, na hapo twadhani tumewajua.

Carl Jung, daktari wa nafsi wa Uswisi, hakuishia hapo. Mwaka 1921, katika kitabu chake kuhusu aina za hulka, alitaja kazi nne za nafsi. Mbili ni za kupokea: milango ya fahamu na machale. Mbili ni za kupima: fikra na moyo. Kila moja huweza kuelekea nje, kwa watu na vitu, au ndani. Baadaye Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, walijenga juu yake jozi nne, zikazaa aina 16. Wengi wetu tumezishika jozi, tukazisahau kazi zilizo chini yake.

Tazama waumini wawili wanaosikiliza mahubiri, wote kimya. Mmoja anapima kama hoja zinashikamana. Mwenzake anapima kama maneno yale yana huruma. Kimya ni kimoja, kazi ni mbili.

Tena kazi hizi hazilingani nguvu. Moja hutangulia, nyingine huisaidia, na ile iliyo mkabala na ya kwanza hubaki changa. Ndiyo maana bingwa wa hoja hufika msibani akakosa la kusema.

Hata Jung mwenyewe alikutana na jambo lililozidi hoja. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akasafiri hadi Mlima Elgon. Wenyeji walimweleza kwamba jua likichomoza hutemea viganja vyao na kuvielekeza kwenye jua hilo. Alipouliza maana yake, hawakuwa na maelezo. Ndivyo walivyofanya siku zote. Msomi aliyeishi kwa kueleza alikuta sala isiyongoja kuelezwa.

Nadhani kwa kazi yetu yenye nguvu twaenda kwa Mungu tukiwa na majibu tayari. Kwa ile changa twaenda kama wanafunzi. Anayejua nguvu zake tu atampima jirani kwa nguvu hizohizo. Anayeujua na uchanga wake atamwacha jirani asali kwa njia yake, na huenda akajifunza kwake.