Krismasi Hii Tunakwenda kwa Nani?



Shule zikishafungwa, mazungumzo katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Mombasa hugeukia safari ya Krismasi. Watoto huuliza ni lini. Baba hupiga hesabu ya nauli, kwani anajua kwamba juma lile basi la kwenda Kakamega au Kisii hupandisha bei, mara nyingine maradufu. Mama hufunga mizigo bila kuuliza wanakwenda wapi. Anajua. Wanakwenda nyumbani, na nyumbani maana yake ni kwa wazazi wa mume. Kwao yeye watapitia wakati wa kurudi, Mungu akipenda. Wakati wa kurudi ukifika, pesa zimekwisha na kazi inaanza kesho.

Nataka tuongee juu ya kimya cha huyo mama. Sisi makatekista tunapowapokea wanandoa wenye shida, mara nyingi twaambiwa kwamba ugomvi ni wa pesa. Ukiketi nao saa nzima, jambo lingine hutoka: mke hajakanyaga kwao Krismasi 4 mfululizo, na mtoto wa miaka 7 anamjua nyanya mzaa mama kwa picha tu. Mke hakulisema kwa sababu aliona haya kuonekana kama msichana anayemlilia mamake. Basi likageuka uchungu, na uchungu ukatafuta mlango mwingine wa kutokea: chumvi ya mboga, karo, simu isiyopokewa.

Mume naye ana sababu zake, wala sizidharau. Kubwa kuliko zote ni mahari. Bado ng'ombe wawili, na anaogopa kuulizwa mbele ya shemeji zake. Lakini kujificha hakulipi deni. Mzee mmoja mwenye busara akitumwa mapema aeleze hali ilivyo, wakwe wengi huelewa; kinachowakera zaidi ni kuona binti yao amefichwa pamoja na deni. Wengine hutaja mila. Ni kweli, katika baadhi ya jamii za Waluhya mkwe halali katika nyumba ya mama mkwe wake, wala hali naye chakula meza moja. Hiyo ni heshima, nayo itunzwe. Basi alale kwa shemeji yake, au hata mjini. Heshima hiyo haikuwekwa ili mke asiwaone wazazi wake. Tena wako wanaosema, "Nilituma pesa." Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, imekuwa rahisi sana kumsalimu mkwe kwa noti na kumnyima uso.

Ziara ya Bikira Maria kwa Elizabeti mmehubiriwa mara nyingi. Leo fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa amekwisha kuwatoa Waisraeli Misri, ni mkubwa wa taifa zima. Anakuja Yethro, baba mkwe wake, amemletea mkewe Sipora na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Yethro huyu hakuwa Mwisraeli. Alikuwa kuhani wa Midiani, mtu wa kabila lingine kabisa, na zamani Musa alikuwa akimchungia kondoo. Musa angeweza kumtuma mtumishi ampokee. Hakufanya hivyo. Alitoka mwenyewe kumlaki, akamwinamia, akambusu, wakajuliana hali, wakaingia hemani. Kisha Musa akamsimulia yote ambayo Mungu amewatendea, naye mzee akafurahi.

Kesho yake Yethro anamwona mkwewe ameketi kuwaamulia watu kesi tangu asubuhi hadi jioni. Anamwambia wazi kwamba atajichosha bure, achague watu waaminifu wamsaidie. Na Musa, ambaye Mungu mwenyewe alisema naye, akamsikiliza baba wa mkewe. Akina baba, ni wangapi kati yetu wanaokubali shauri kutoka upande ule? Tunaketi kwa wakwe kama wageni wa heshima, tunakula kuku, tunatazama saa.

Kuna jambo lingine linalonishangaza. Katika Mwanzo sura ya 2, Maandiko yanapoeleza ndoa, anayetajwa kuwaacha baba na mama ni mwanamume. Desturi zetu zimeligeuza: mke ndiye anayeacha, na mume anabaki mtoto wa mamake. Kuacha si kuwatupa wazazi. Baba Mtakatifu Fransisko alilieleza vizuri katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, na humo akatukumbusha pia tusiwaone wakwe kama wapinzani au wavamizi. Kuacha maana yake ni kwamba safari hii ipangwe na wawili, chumbani, kabla mama mzazi hajapiga simu kuuliza mnafika siku gani. Mkishapatana, mume awaambie wazazi wake mwenyewe. Asimwachie mke mzigo huo, maana kesho ataitwa yule aliyemteka mtoto wetu.

Nanyi akina mama, mkifika kwa mama mkwe msiingie na uso wa mtu aliyelazimishwa. Yule mzee amesubiri wajukuu tangu Januari. Hata hivyo nimeona mara nyingi mke akiwa katika moshi wa jiko la kuni tangu alfajiri, akipikia watu 30, huku mumewe yuko chini ya mwembe na rika lake akisimulia habari za mjini. Mume huyo akisimama mara moja tu, aende hadi mlango wa jiko na kuuliza mbele ya mamake, "Mama watoto amekula?", siku nzima hubadilika. Dada zake watacheka. Waache wacheke. Akichukua na mtungi wa maji, watacheka zaidi, na mamake ataona mwanawe anavyomthamini mkewe.

Kuhusu siku, kalenda ya Kanisa imetusaidia. Kwa kawaida Sikukuu ya Familia Takatifu huwa Jumapili inayofuata Krismasi. Mkila Krismasi kwa wazazi wa mume, Jumapili hiyo mnaweza kuwa parokia ya wazazi wa mke, na mwaka unaofuata mkageuza. Nauli itaongezeka, ndiyo. Anzeni kuweka akiba mwezi wa Agosti, kidogo kidogo, na nguo mpya za sikukuu zipunguzwe. Nyanya mzaa mama hatauliza viatu vilinunuliwa lini. Atataka kumketisha mjukuu kando yake kwenye benchi la kanisa, na baada ya Misa awaonyeshe majirani baba ya mtoto ni yupi.