Tafakuri ya Ramadhani: Kumfichia mwenzako kazini ni kumsaidia?



Leo nataka kuzungumza na vijana hasa, wale ambao baada ya Idi wanaingia kwenye mafunzo kwa vitendo au wanaanza kutafuta kibarua. Wazazi nao wasome, maana tabia hii wengine wanaianzia nyumbani. Swali ni hili: mwenzako akishindwa kufanya sehemu yake ya kazi, nawe ukamfichia, je, umemsaidia?

Wengi tutasema ndiyo. Huko vyuoni imeshakuwa ada. Mwalimu anatoa kazi ya kundi kwa watu sita. Wawili wanakesha, mmoja anatoa pesa ya kuchapisha, watatu wanaandikwa majina tu. Ukimuuliza aliyekesha kwa nini amewaandika, anakwambia, "Sasa ustadhi, wale ni wenzangu, nitawasemea vipi kwa mwalimu?" Na anaamini kabisa kuwa huo ndio ushirikiano.

Ana hoja, tusimdharau. Dini yetu imesisitiza sitara, na Mtume (S.A.W.) amemuahidi anayemsitiri Muislamu kwamba Allah naye atamsitiri. Lakini sitara ni ya aibu ya mtu. Kazi yenye tundu haina aibu ya kusitiriwa, ina tundu la kuzibwa. Na kuna mtu mwingine kabisa atakayetumbukia humo, ambaye hakuwepo wakati nyinyi mnafichiana.

Tumtazame Nabii Musa (A.S.). Anatumwa na Mola wake kwa Firauni. Ukisoma Surat Taha na Surat al-Qasas utaona kuwa kabla hajaondoka alitaja upungufu wake waziwazi: ulimi wake ni mzito, na anaogopa kuuawa kwa sababu ya yule mtu aliyemuua kule Misri. Akaomba apewe ndugu yake Harun, kwa kuwa yeye ana ufasaha zaidi. Huyu ni Nabii, jamani, na bado anasema "hapa peke yangu sitoshi." Sisi kijana akiulizwa siku ya kwanza kazini, "Hii mashine unaijua?" anajibu "Naijua," halafu anaanza kuangalia wenzake wanabonyeza wapi.

Kisha kuna sehemu ambayo hatuisimulii sana. Musa alikwenda kwenye miadi ya siku 40, akamwachia Harun watu wake. Aliporudi amekuta wanaabudu ndama. Alikasirika mpaka akamkamata ndugu yake kichwani na ndevuni, akimuuliza kilichomzuia. Harun hakunyamaza, wala hakupamba maneno. Alieleza: watu walimwona dhaifu, walikaribia kumuua, na alichelea kuambiwa kuwa amewagawa Bani Israili. Musa akasikiliza, kisha akajiombea msamaha yeye na ndugu yake. Yote yakasemwa ana kwa ana. Hakuna aliyekwenda kulalamika pembeni, na hakuna aliyejifanya kuwa ndama hayupo.

Waliowahi kumwaga zege wananielewa haraka zaidi. Saruji ikishakutana na maji haikusubiri, ndiyo maana watu husema zege halilali. Mnapanga mstari, karai linapita mkono kwa mkono mpaka juu. Mmoja akichoka akanyamaza, anaanza kupokea nusu nusu, na mstari mzima unasimama nyuma yake bila kujua kwa nini. Akisema "Nimechoka, nibadilishe," anapelekwa kwenye mchanga, mwingine anashika nafasi yake, kazi inaendelea. Hakuna anayemcheka. Anayechekwa, na kwa haki, ni yule aliyeangusha karai kwa sababu ya kuona haya.

Basi ufanyeje na mwenzako? Mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili, na mapema. Asiposikia, mwambie msimamizi kazi imepungukiwa na nini, wala si lazima uanze kumchambua mtu. "Uji haujabandikwa na Magharibi inakaribia, tupe mtu mmoja" ni taarifa. "Fulani ni mvivu tangu zamani" ni kusengenya, na umefunga. Maswahaba walipomuuliza Mtume (S.A.W.) watamsaidiaje ndugu anayedhulumu, aliwaambia kuwa kumzuia asidhulumu ndiko kumsaidia.

Linabaki gumu moja. Mwenzako ana watoto, ana mgonjwa nyumbani, na ukisema, kibarua chake kitaota nyasi. Hapa mimi naona unaruhusiwa kumbebea. Fanya sehemu yake kwa jasho lako, iwe sadaka yako. Ila usiseme ameifanya yeye, ukiulizwa. Kumbeba ni jambo moja, kumtolea ushahidi wa uongo ni jingine. Na kuna kazi ambazo hata hilo halitoshi. Fundi umeme mwenzako akikwambia "hiyo nyaya sijaipima, lakini tusaini tu tuondoke," usisaini. Pimeni, hata kama mtachelewa kufuturu na mtafungua kwa maji na tende mbili hapo hapo kwenye ngazi. Ndani ya nyumba ile kuna watu watalala usiku huu.

Zamu ya jikoni leo ni ya vijana wa darasa la jioni. Kuni zipo, mihogo imeshaletwa, vikombe viko kwenye kapu la bluu. Anayejua hatafika aseme kwa kiongozi wa zamu kabla ya Adhuhuri. Hataulizwa sababu.

Wabillahi tawfiq.