Je, Kunakili Diski Yako Mwenyewe ni Wizi?

Tuseme mtu amenunua diski ya filamu kwa feza yake, na risiti anayo. Sasa anataka kuinakili katika chombo cha kuhifadhi nyumbani mwake. Je, yeye ni mwivi?

Tusikilize kwanza sababu zake. Diski inakwaruzwa, na filamu inaanza kukwama katikati, pale penyewe utamu ulipo. Tena, DVD ya tabaka mbili inabeba gigabaiti 8.5 tu, chombo kimoja cha terabaiti 4 kinaweza kumeza zaidi ya 400 za namna hiyo. Mwingine atamwambia: acha diski, nunua filamu kwa intaneti. Lakini mwaka 2022 watu wa Ujerumani na Austria walionunua filamu za StudioCanal katika duka la PlayStation walitangaziwa kwamba tangu tarehe 31 Agosti hawataweza kuzitazama tena. Walikuwa wamelipa! Diski iliyo kabatini, hakuna anayeweza kuifuta kutoka mbali.

Basi, sheria inasema nini? Hapa ndipo shida ilipo. Katika Uingereza, tangu Oktoba 2014 mtu aliruhusiwa kunakili kitu alichonunua kwa matumizi yake mwenyewe. Julai 2015 Mahakama Kuu ikafuta ruhusa hiyo, kwa maana serikali haikuonyesha ushuhuda wa kutosha kwamba watunzi hawatapata hasara. Mkono uleule, diski ileile! Ufaransa ilichagua njia nyingine tangu 1985: anayenunua chombo cha kunakilia analipa nyongeza kidogo, nayo inawafikia watunzi. Mimi naona hiyo ina haki zaidi. Marekani nayo, kwa sheria ya 1998, inakataza kuvunja kufuli lililowekwa ndani ya diski, hata kama diski ni yako.

Kwa hiyo kila mtu aulize sheria ya inchi anamokaa. Lakini kuna swali ambalo hakuna hakimu atakayekuja nyumbani kuliuliza: diski yenyewe iko wapi? Aliyenakili, kisha akauza diski na kubaki na nakala, ametengeneza filamu mbili kwa bei ya moja. Huyo simtetei.

Na jirani akija na chombo chake akisema, "Ndugu, nijazie na mimi," umwazime diski. Ataitazama, kisha atairudisha.