Anayejua Kupiga Pasi Hatashindwa na "Put"

Asubuhi ulipopiga pasi shati lako, hukulichapa. Ukapiga mswaki, ukapiga simu, ukapiga hodi kwa jirani, na hakuna aliyeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutoa macho mbele ya kitenzi hicho kimoja, nawe unakiendesha bila hata kufikiri. Basi nisikusikie tena ukisema eti vitenzi vya Kiingereza havishikiki!

Tazama "put". "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia. Hiyo ndiyo "piga" yao. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa London mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba hivi vijineno vinavyofuata kitenzi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kuliko yote. Mwingereza mwenyewe alishaliona hilo. Kwa hiyo ukikwama, usijiite mzito wa kichwa.

Kinachotuangusha ni kubahatisha. Kwenye barua za kazi tunaandika "cope up with", wakati Kiingereza sanifu ni "cope with" basi. Halafu dereva tunamwambia "pick me at the stage", pale ambapo "up" inadaiwa: "pick me up". Tunafunga barua kwa "look forward to hear", na "to" hiyo inataka "hearing". Nayajua makosa haya kwa sababu niliyaandika miaka mingi bila mtu kunisahihisha, na sitaki yakuchukulie miaka wewe.

Nahau nazo zina adabu zake. "Kick the bucket" maana yake kufa, lakini ole wako uiweke kwenye rambirambi! Hiyo ni ndugu ya "kukata kamba". Nani anamwambia mfiwa kwamba baba yake amekata kamba? Kwetu tunasema ameaga dunia. Kwa Kiingereza sema "passed away". Sikio la kupambanua haya unalo, ulilelewa nalo. Lipeleke na huko. Kila ukikutana na nahau mpya, jiulize: hii ni ya kijiweni, ya ofisini, au naweza kuitamka mbele ya bibi?

Achana na orodha za nahau mia za kukariri usiku mmoja. Chukua moja. Isikilize kwenye taarifa ya habari, itafute kwenye riwaya, uone nani kamwambia nani na kwa hali gani. Kisha itungie sentensi ya maisha yako mwenyewe, maana sentensi ya kubuni husahaulika kesho yake. Itamke kwa sauti. Ukikosea, rekebisha palepale uendelee kusema.

Daftari liko wapi? Lifungue sasa hivi. Juu ya ukurasa andika "put off", na chini yake, kwa Kiingereza chako, lile jambo unaloliahirisha tangu Januari.