Mchanga Nao ni Amana

Ndugu zetu Waislamu wa Garsen, Kipini na miji ya jirani, twauliza: je, mwenye hati ya kiwanja ana ruhusa ya kufanya atakalo juu yake?

Twataja mfano ulio karibu nasi. Katika kisiwa cha Lamu, kuanzia Shela, kuna ufuo wa kilomita 12 hivi, na nyuma yake vilima vya mchanga. Mgeni huviona pambo. Mwenye tamaa huviona viwanja vya mahoteli. Lakini mvua inyeshapo huzama mchangani humo ikachujika, ikakaa juu ya maji ya chumvi kwa wepesi wake. Visima vinywesheavyo mji wa Lamu vimo hapo. Mtu akijenga juu yake, akachimba vyoo na kuvuta maji kupita kiasi, bahari hupanda visimani, na mji mzima ukataabika.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa watu ni washirika katika maji. Na kanuni ya mafakihi ni kwamba madhara huondolewa. Basi milki haihalalishi kudhuru.

Hatusemi mgeni afukuzwe. Kumkirimu ni suna, na riziki ya halali haikatazwi. Twasema alale mjini, ufuoni apite kwa miguu.

Nasi tusijione tumesalimika. Delta ya Tana imo katika orodha ya Ramsar tangu 2012, na vilima vya mchanga vimo pwani ya Kipini pia. Orodha haitatufaa tukiuza wenyewe. Kabla ya kutia sahihi, na tuulizane: maji ya nani yamo chini yake?

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.